Jina la Sitini na Moja

Khayega,
Jumapili, 9 Februari 2025

Kwa mjukuu wangu Sylvia,

Nakusalimu kwanza kabla sijakukasirikia. Habari ya Nairobi? Ile kikohozi ya Desemba ilitoka, ama bado unaibeba? Mimi niko. Goti la kushoto linakataa asubuhi, ikifika saa nne linakubali. Macho yanawasha kwa moshi, lakini hayo si mageni.

Anayeandika ni Zipporah wa makaa, kama kawaida. Nimemwambia aandike vile nasema, asipake maneno yangu sukari. Mwaka jana alikuandikia ati "nakukumbuka kwa mapenzi mengi" na mimi nilikuwa nimesema, mbona huji nyumbani, wewe mtoto mkaidi.

Unaniambianga ninunue simu nyingine. Ile uliniletea ilianguka kwa karai, ikakaangwa pamoja na samaki wa watu. Sitaki nyingine. Karatasi naweza kusomewa mara mbili, na haiiti nikiwa na mteja.

Sasa maneno. Unamjua Ignatius, yule mwenye duka la barafu huko Amalemba, anayeniuzia samaki wa boksi. Ijumaa aliniambia serikali inataka kupunguza samaki wa kutoka nje. Kila mwenye duka atapewa kipimo chake, boksi fulani kwa mwezi, na zikiisha zimeisha. Akasema karatasi imetoka kwa ofisi ya samaki huko Nairobi. Nikamwambia mjukuu wangu anafanya kazi huko huko. Akacheka, akasema basi mjukuu amemshika nyanyake koo.

Sikucheka.

Nimeuza samaki miaka thelathini na nane, Sylvia. Nilianza na ngege wa ziwa, wakubwa kama kiatu cha polisi. Wakapotea. Nikauza omena, kila mwaka wanafunga ziwa ili omena zizae, na mimi nangoja. Nikauza mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta inayobaki kiwandani nyama ikishaenda Ulaya. Niliuza mifupa, na watu wakanunua mifupa. Ndipo boksi zikakuja, samaki mzima mwenye nyama. Mama mwenye watoto watano ananunua mmoja, namkatia vipande vitatu, na kichwa anachukua yeye. Wakata miwa wakitoka shambani wanakula wamesimama. Sasa hata hiyo?

Niambie ukweli. Ni kweli, ama Ignatius anatafuta njia ya kupandisha bei? Nimechoka kusikia mambo yangu kwa mdomo wa mtu wa barafu.

Kula vizuri.

Kukhu wako,
Phoebe Andati


Nairobi,
23 Februari 2025

Mulembe Kukhu,

Natumaini goti linakubali mapema siku hizi. Kikohozi kilitoka. Nimekonda kidogo tu, usianze.

Ignatius hakudanganya. Ni ofisi yetu, na karatasi yenyewe niliiandika mimi na wenzangu wawili. Nilitaka kukuambia nikija Pasaka, uso kwa uso, lakini habari imenitangulia.

Nisikilize kidogo. Mwaka jana nilitumwa ziwani kwa miezi miwili, upande wa Homa Bay. Nilimwona mzee mmoja ametoka majini na ngege kumi na wanne. Alikaa nao ufukweni mpaka jua likaanza kuwaharibu, kwa sababu boksi lilikuwa limefika sokoni na bei yake hakuweza kuifuata. Akawabeba nyumbani wakale. Siku iliyofuata hakuingia majini. Na hapo karibu na Bukura, vidimbwi vinne vya kufugia samaki sasa vimepandwa nduma. Hatufungi boksi zote, Kukhu. Tunaziwekea kipimo ili hawa nao wapumue.

Najua hiyo haikukaangii kitu. Ndiyo maana kuna vikao vya maoni kabla ya sheria kupita. Cha Kakamega ni Alhamisi tarehe kumi na tatu Machi, mjini. Nenda. Sema pale yote uliyoniambia mimi, na uyaseme hivyo hivyo. Watu wa ofisini wanapaswa kusikia mtu anayekata samaki mmoja vipande vitatu. Mimi sitakuwepo, nimepangiwa Busia.

Kandarasi yangu inaisha mwisho wa Juni na wanasema wataiongeza. Niombee.

Msalimie Zipporah. Mwambie sukari kidogo si mbaya.

Mjukuu wako,
Sylvia


Khayega,
Jumapili, 16 Machi 2025

Sylvia mjukuu wangu,

Uko aje? Umekula? Mimi mgongo unaniuma kwa kuketi, si kwa kazi. Nimetoka kwa kikao chenu.

Tulienda watatu: mimi, Dorothy anayeuza omena, na Zipporah. Zipporah hauzi hata dagaa mmoja, lakini alisema hawezi kuniacha niende mjini peke yangu, na pia alisikia kuna soda. Tulifika saa mbili vile ilisemwa. Wakubwa wakafika saa tano.

Mlangoni kulikuwa na msichana na daftari. Jina, namba ya kitambulisho, sahihi. Nikamwambia mimi na kalamu hatujuani. Akaniletea kile kidude cha wino, nikaweka kidole gumba. Nikamwuliza ni ya nini. Akasema, "Ni ya kuonyesha umekuja, mama." Nimekuja kweli, basi nikaingia.

Bwana mmoja mwenye tai aliongea Kizungu. Mwingine akageuza kwa Kiswahili, na hicho Kiswahili chenyewe kilitaka kugeuzwa tena. Walionyesha picha za ziwa ukutani. Nilitaka kuuliza kama kuna picha ya Khayega.

Saa nane wakasema sasa ni maoni, lakini saa zimekwenda, watachukua watu wanne. Niliinua mkono. Niliuinua mpaka ukafa ganzi, nikashika kiwiko na mkono mwingine. Wakachagua Isaiah, mfugaji wa samaki wa Bukura. Alisema vizuri, sikatai, boksi zimemmaliza. Wakachagua Ignatius, akauliza mambo ya leseni. Wakachagua pasta, sijui pasta anavua nini. Wa nne alikuwa mwanamume wa chama fulani, akashukuru serikali kwa kuja. Halafu maombi. Halafu soda.

Nilimfuata yule mwenye tai mpaka kwa gari. Nikamwambia mimi nina maneno. Akasema, "Mama, maoni yako yameandikwa." Nikamwuliza yameandikwa na nani na sijafungua mdomo. Akapandisha kioo.

Kwa hivyo nakupatia wewe, uyapeleke. Zipporah ameambiwa aandike kwa herufi kubwa: PHOEBE ANDATI WA KHAYEGA ANAPINGA.

Na sababu ni hii. Huyo mzee wa ngege kumi na wanne namwonea huruma kweli. Ningekuwa huko ningemnunulia wawili. Lakini samaki wake hanifikii mimi. Mkubwa anaenda hoteli, wa katikati anaenda kiwandani, mimi naletewa mifupa. Mkipunguza boksi hamtakuwa mmeniletea ngege, mtakuwa mmeniachia karai baridi. Leteni samaki wa ziwa Khayega kwanza, kwa bei ya Khayega, ndio mfunge mlango wa nje. Mnafunga mlango na ndani hakuna chakula. Nani alifanyanga hivyo kwake nyumbani?

Nimemaliza. Nilirudi nikakaanga samaki nane tu siku hiyo, wateja walikuwa wameenda kula mandazi.

Kukhu wako


Nairobi,
27 Aprili 2025

Mulembe Kukhu,

Nauliza goti, nauliza macho. Nisamehe kwa kimya cha mwezi mzima, na kwa Pasaka ambayo sikuja. Mwili wangu ni mzima. Hii barua nimeiandika mara tatu na kuichana.

Taarifa ya vikao imechapishwa. Mwisho wake kuna orodha yenye kichwa "Wauzaji wa Samaki Waliounga Mkono." Kakamega ina majina mia moja thelathini na mawili. La sitini na moja ni Phoebe Andati, na kando yake kidole chako. La sitini na mbili ni Zipporah.

Ni lile daftari la mlangoni, Kukhu. Wamelitia kichwa kipya juu.

Na kichwa hicho kiliandikwa na mimi. Januari mkubwa wangu aliniambia niandae kurasa tupu za kila kikao: moja ya waliounga mkono, moja ya waliopinga. Nikaandaa zote mbili. Nilidhani zitajazwa na watu watakaosema wanakubali au wanakataa. Waliporudi walichukua ukurasa mmoja wakahamishia majina yote ya mlangoni. Ule mwingine umetoka mtupu. Katika taarifa nzima, hakuna mtu hata mmoja Kakamega aliyepinga.

Nilimwendea mkubwa wangu. Akasema aliyekuja na asiseme kitu amekubali, ndivyo inavyofanywa siku zote. Nikamwambia wako walioinua mkono hawakuitwa. Aliniangalia, akaniuliza kama si mimi ambaye kandarasi yangu inaisha Juni.

Taarifa itapelekwa kwa kamati ya wabunge mwisho wa Mei. Barua yako ya Machi ninayo mezani hapa. Ninavyojua mimi, ndiyo karatasi pekee inayosema mtu wa orodha hiyo alipinga, na kwa herufi kubwa. Nikiitoa, kazi imekwisha. Nikinyamaza, sheria inapita ikiwa na kidole chako ndani.

Sheria yenyewe bado naitaka. Nikikuficha hilo nitakuwa mwongo mara ya pili. Lakini siitaki hivi.

Niambie nifanye nini. Nimekuwa mtu mzima miaka mingi lakini hili limenishinda.

Mjukuu wako,
Sylvia


Khayega,
Jumapili, 11 Mei 2025

Sylvia,

Nakusalimu, na leo siulizi afya yako kwa sababu najua hulali. Lala. Kula, hata kama huna hamu.

Zipporah aliposoma hapo kwa jina la sitini na mbili alirudia peke yake kwa sauti ndogo, halafu akaketi juu ya gunia la makaa na nguo yake ya kanisa. Mwanamke wa makaa ameunga mkono sheria ya samaki. Tulicheka mpaka Dorothy akakuja kuuliza kuna nini. Tukamwambia. Yeye ni wa sitini. Hapo kicheko kikaisha.

Kidole hiki nimekiweka kwa karatasi mara chache. Nilikiweka nikichukua kitambulisho. Nilikiweka hospitali, nikipewa mwili wa mama yako. Na nilikiweka shuleni, mwalimu akisema lazima mtu asimame na huyu mtoto, nikasema ni mimi. Kila mara nilijua ninasema nini. Hii ya juzi walingoja nitoke ndio wakaniandikia la kusema.

Kwa hivyo nimekasirika, usidhani sijakasirika. Nilichoma samaki wa watu wawili kwa kuwaza.

Lakini umeniuliza ufanye nini. Usifanye kitu.

Hiyo barua yangu usionyeshe mtu. Ichome. Wewe ulivuta moshi wa hii karai tangu darasa la kwanza, ukifanya hesabu kwa mwanga wa jiko langu, ili usije ukaikalia wewe. Sikukulea ili ukose kazi kwa sababu ya kidole changu. Kidole changu kimezeeka, kinaweza kusingiziwa, hakitakufa.

Mimi nitaenda mwenyewe. Tumekuwa wanawake kumi na mmoja ambao wako kwa hiyo orodha na hawajui walikubali lini. Tutaenda ofisi za kaunti tuseme toeni vidole vyetu. Mimi hawana kazi ya kuninyang'anya. Watanifanya nini, waniondoe kwa jua?

Na ile sheria yako, bado umekosea. Lakini wewe hukosei kwa ubaya. Unakosea kwa masomo.

Nyamaza, mama. Nisikie hii mara moja.

Kukhu wako


Nairobi,
8 Juni 2025

Mulembe Kukhu,

Salamu nyingi. Sijui nianzie wapi, basi naanza na tarehe.

Barua yako ya tarehe kumi na moja Mei ilinifikia tarehe thelathini. Makhanu wa vifurushi, anayetubebea barua, alikuwa ameenda matangani kwao, na mfuko wa barua akaufungia ofisini. Niliposoma "usifanye kitu" nilikuwa nimeshafanya siku kumi kabla.

Sikungoja jibu lako. Nilijiambia umekasirika na hutaki kuniandikia tena. Kila siku niliyorudi nyumbani nikakuta hakuna barua, niliona ni haki yako. Tarehe ishirini niliichukua ile ya Machi, nikaipeleka kwa karani wa kamati. Aliisoma yote mbele yangu. Kwa pasta alicheka. Kwa mlango na chakula hakucheka. Akaniuliza huyu ni nani. Nikasema, "Ni mama aliyenilea, na mimi ndiye niliyeandika kichwa cha orodha hiyo." Akaniuliza kama najua ninachofanya. Nikasema sijui vizuri.

Haya ndiyo yaliyotoka. Kile kichwa kimeondolewa. Sasa pameandikwa "Waliohudhuria," Kakamega na kaunti nyingine zote. Ukurasa wa waliopinga una jina moja, lako. Hayo tu. Taarifa imeendelea na njia yake, na kipimo cha boksi kimeanza kwa majaribio mwezi huu, kama ulivyoona. Sikuizuia sheria, na sikujaribu kuizuia.

Kandarasi haitaongezwa. Waliniandikia mistari mitatu, ya kistaarabu kabisa. Ijumaa nilitoa vitu vyangu mezani.

Sasa naona haya kuja nyumbani. Ulinisomesha kwa samaki. Nikakupunguzia samaki, halafu hata kazi yenyewe nikaipoteza. Nitakaa kwanza kwa rafiki yangu Michelle nikitafuta kitu kingine. Nikipata nitakuja na uso wa kuonyesha.

Usinijibu ukiwa umechoka.

Mjukuu wako,
Sylvia


Khayega,
Jumapili, 15 Juni 2025

Sylvia,

Nimechoka na ninakujibu. Kama ningengoja nisichoke ningekuandikia kaburini.

Sisi wazima. Mvua imezidi, kuni ni mbichi, Zipporah anauza makaa kama dhahabu na ananiuzia mimi kwa bei ya wageni. Aandike hiyo pia.

Tulienda kaunti tarehe tatu, wale kumi na mmoja. Barua yako ulikuwa bado hujaiandika, kwa hivyo sikujua chochote. Meza ya kwanza ilitutuma ya pili. Ya pili ikatutuma ya tatu. Ya tatu ilikuwa imeenda chai. Tukaketi kwa benchi mpaka saa saba. Wenzangu wakaanza kuondoka, huyu ana mtoto, huyu ana karai. Tulipoitwa tulikuwa wanne. Nikasema, tumekuja kutoa vidole vyetu. Mwanamke wa pale akafungua kompyuta yake, akasema hayo maneno yalirekebishwa. Nani alirekebisha? Akasema kuna barua ilisomwa Nairobi, ya bibi mmoja anayeuliza pasta anavua nini. Akasema ofisi nzima wanaijua.

Sikumwambia ni mimi. Nilitoka nje nikaketi kwa ngazi. Dorothy alidhani ni goti. Nilikuwa nalia, na hiyo Zipporah asiandike.

Ameandika.

Nilikuambia usifanye kitu. Nilikuambia mara moja tu maishani ninyamazie, na barua ikalala kwa mfuko wa Makhanu. Nimeenda kumtukana. Alikuwa amefiwa na dada yake, nikarudi na pole mdomoni. Hata kama ingefika mapema sijui kama ungesikia. Nafikiri hungesikia. Nimewaza hiyo wiki nzima, wakati mwingine nakasirika, wakati mwingine naambia wateja mjukuu wangu ni nani hata kama hawajauliza.

Usikae kwa Michelle. Mtu akikosa kazi haendi kwa rafiki kuhesabu vijiko vya sukari yake, anaenda kwao. Huo uso wa kuonyesha unautafuta wa nini? Mimi huo ulio nao niliuosha kamasi.

Unasema ulinipunguzia samaki. Ulinipunguzia, sitakudanganya kwa kuwa nakupenda. Ignatius sasa analetewa mara moja kwa wiki na anagawa kama mwalimu. Mimi napata boksi mbili, zamani nilichukua tano. Yule mama wa watoto watano siku hizi namkatia vipande vinne, na mkia unaliwa siku ya pili. Ngege wa ziwa hata mmoja sijamwona hapa. Labda huyo mzee wako anapumua sasa. Natumaini anapumua, kwa sababu mtu fulani lazima afaidike na huku kuchoka.

Tutabishana juu ya hiyo. Nina maneno mengi na Zipporah mkono umemuuma, hawezi kuyaandika yote. Nataka kubishana na wewe nikikuona, ukiwa umeketi hapo kwa kigoda unaparua magamba vibaya vile uliparuanga.

Magunia nimetoa kwa chumba chako. Blanketi iko kwa jua, kukiwa na jua.

Kuja Alhamisi. Boksi zinafika Alhamisi saa nne, na ikifika Jumatatu zimeisha. Ukikuja siku nyingine utakuta mrenda, na sitaki siku ya kwanza ukule mboga kama mtu ambaye hakungojewa.

Kukhu wako,
Phoebe